Chale haina namba za nyumba. Tatizo ni msimbo wako!

Wadau, leo nina maneno na maprograma wenzangu. Kila nikikagua msimbo wa watu nakutana na mstari kama huu:

var mji = data.results[0].address_components[2].long_name;

Huo si uprogramu, ni kupiga ramli. Nani alikwambia sehemu ya tatu ni mji?

Ukiiuliza Google jina la mahali, jibu huja kama makasha ndani ya makasha. Nje kuna orodha ya results. Ndani ya kila jibu mna address_components, nayo ni orodha. Ndani ya kila sehemu mna types, orodha nyingine, inayosema hii ni nchi, hii barabara, hii mtaa. Idadi ya sehemu haifanani. Katikati ya Nairobi waweza kupata namba, barabara na mtaa. Njoo Chale, kisiwa kidogo kusini mwa Diani, utafute barabara! Sehemu zinapopungua zilizobaki zinasogea, na "mji" wako unageuka kuwa Kenya, au msimbo unaanguka kwa kosa kwa sababu sehemu ya [2] haipo.

Kisha mtu anasema data ya Pwani ni mbovu. Mbovu ni nini hapo? Uliza aina, usihesabu nafasi:

function pata(jibu, aina) {
  var s = jibu.address_components.find(function (c) {
    return c.types.includes(aina);
  });
  return s ? s.long_name : null;
}

Ukiita pata(jibu, 'route') ukapata null, hiyo si ajali. Ni habari kamili: barabara haikutajwa. Ipokee hivyo.

La pili: Chale nyingine iko Uingereza, kwenye kisiwa cha Wight. Ukichukua results[0] kwa imani tu, unaweza kumhamishia mtu wa Kwale huko. Ongeza components=country:KE kwenye ombi lako.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi. Soma geometry.location_type. Ikisema APPROXIMATE, nukta hiyo ni makadirio, lakini programu zinaichora kana kwamba ni mlango wa mtu. Mwenye boda anaifuata hadi ufukweni, na mgonjwa anayengoja dawa anaendelea kungoja.

Na zile fomu zinazolazimisha "mtaa" na "namba ya posta"? 80400 ni ya posta ya Ukunda. Sanduku la barua linakaa posta, halilali nyumbani kwa mtu. Huku watu huelekezana kwa msikiti, kwa duka, kwa mbuyu. Weka nafasi moja ya maelezo huru, na mwache mtu aisogeze nukta mwenyewe kwenye ramani.

Watu wa Chale hawakukosea kuishi bila namba. Aliyekosea ni aliyeandika [2] akadhani dunia nzima ni London.