Betri za Droni na Hadaa ya Joto

Mwaka 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walianza kurusha ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo wengi sasa huziita droni, ili kupiga picha za kutengenezea ramani ya Unguja na Pemba. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa njia hiyo kutoka kituo cha Muhanga. Miaka miwili baadaye ikatangazwa habari ya majaribio ya Ziwa Viktoria, ambako droni ilibeba dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Habari hizi zimeandikwa sana, na zimestahili kuandikwa. Hata hivyo, katika masimulizi yote hayo kuna kiungo kimoja kinachotajwa kwa nadra, nacho ni betri. Husifiwa ndege, husifiwa rubani, husifiwa kompyuta. Betri hukumbukwa siku inapokataa kazi.

Usahaulifu huo una gharama. Mwili wa droni ukitunzwa waweza kudumu miaka mingi, ilhali betri huchakaa kila itumikapo na hata isipotumika. Na katika nchi za joto adui wake mkubwa si upepo wala mvua, bali ni joto lenyewe, tena joto hilo huimaliza betri huku likimfurahisha mwenye betri.

Kauli hiyo yahitaji maelezo. Betri ya droni ni ya jamii ya lithiamu, kama ile iliyomo katika simu ya mkononi. Betri za jamii hii zilianza kuuzwa mwaka 1991, na mwaka 2019 ziliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ndani ya kila seli mna tabaka mbili, moja ya grafiti na nyingine ya oksidi ya metali, na kati yake mna kiowevu kiitwacho elektroliti. Seli inapotoa umeme, ayoni za lithiamu huondoka kwenye grafiti, hupita katika kiowevu na kuingia upande wa pili. Inapochajiwa, hurudi zilikotoka. Safari hiyo huwa nyepesi kiowevu kikiwa na joto, kama vile asali imiminikavyo upesi ikipashwa moto. Ndiyo maana betri yenye joto hutoa nguvu kwa ukarimu, na droni hupaa kwa ukakamavu.

Vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa kufikiria nchi za baridi humwagiza rubani aipashe betri moto kabla ya kuruka wakati wa theluji. Agizo hilo ni la haki huko Ulaya. Lakini rubani wa Singida akilisoma bila kulipima atadhani kwamba joto ni baraka tupu, na kila siku droni yake itampa ushahidi wa kuithibitisha dhana hiyo. Hapo ndipo ilipo hadaa.

Kwani pamoja na safari njema ya ayoni, mna mabadiliko mengine ya kikemikali yasiyotakiwa. Kwenye uso wa grafiti huota utando mwembamba unaotokana na kuvunjika kwa elektroliti. Utando huo una faida yake, maana huikinga grafiti isiliwe zaidi. Lakini kila unapoongezeka unene humeza sehemu ya lithiamu ambayo haitarudi tena kazini, na huifanya njia ya ayoni kuwa ngumu. Mwaka 1889 Svante Arrhenius, mwanakemia wa Uswidi, alieleza jinsi kasi ya mabadiliko ya kikemikali inavyopanda pamoja na joto. Kutokana na elimu hiyo imepatikana kanuni ya kukadiria inayofundishwa shuleni, kwamba joto likiongezeka kwa digrii 10 za sentigredi, kasi huwa takriban mara mbili. Si kanuni kamili, na haifai kuchukuliwa kama hesabu ya duka. Inatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba betri iliyowekwa kwenye digrii 45 yaweza kuzeeka upesi mara nne hivi kuliko iliyowekwa kwenye digrii 25.

Kiasi cha chaji nacho kina sehemu yake. Makadirio yanayotajwa mara nyingi na mafundi ni kwamba betri ya lithiamu iliyowekwa mwaka mzima kwenye digrii 40 ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubakiwa na takriban asilimia 85 ya uwezo wake. Iliyowekwa kwenye joto hilohilo ikiwa imejaa kabisa hubakiwa na asilimia 65 tu. Theluthi moja ya mali imepotea kabatini, pasipo droni kuruka hata mara moja.

Hadi hapa limezungumzwa joto la nje. Kazi nzito huzaa joto la ndani, na hapa mwanafunzi wa sekondari anayo silaha tayari mkononi, yaani kanuni ya Joule: joto linalozalishwa kila sekunde ni mkondo wa umeme uliozidishwa kwa mkondo huohuo, kisha kwa ukinzani. Na ichukuliwe betri yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.02, inayotoa ampea 20. Joto lake ni wati 8. Droni ikitwishwa mzigo hadi mkondo ukafika ampea 40, joto haliwi wati 16 bali wati 32. Anayezidisha mzigo mara kwa mara, au anayeipaisha droni wima kwa kasi ili kuwashangaza watazamaji, analipa kwa kipeo cha pili.

Hesabu hiyo yaweza kuendelezwa. Wati 8 kwa dakika 20 ni jouli 9,600. Betri ikiwa na uzito wa kilogramu 0.4, na ikiwa kila kilogramu huhitaji takriban jouli 1,000 ili ipande digrii moja, betri hiyo ingepanda digrii 24 kama joto lote lingebaki ndani. Upepo wa mapangaboi huondoa sehemu yake, lakini katika betri iliyofungwa ndani ya plastiki sehemu hiyo haiwi kubwa kama inavyodhaniwa. Basi betri iliyoanza safari ikiwa na digrii 25 haitavuka digrii 49. Iliyoanza na digrii 40, kwa kuwa ilingojea juani, yaweza kukaribia 64, na viwanda vingi vya seli huweka mpaka wa matumizi kwenye digrii 60. Rubani ni yuleyule na mzigo ni uleule. Kilichotofautiana ni mahali betri ilipokaa nusu saa kabla ya kuruka.

Tena betri ikizeeka ukinzani wake hupanda. Ukifika omu 0.04, mkondo uleule wa ampea 20 huzalisha wati 16. Joto huongeza utando, utando huongeza ukinzani, na ukinzani huongeza joto, mithili ya deni lenye riba juu ya riba.

Hewa nayo ina neno lake. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake, joto likiwa digrii 30, ni nyepesi kwa asilimia 17 hivi kuliko ile ambayo wahandisi huitumia kama kipimo cha kawaida, yaani hewa ya usawa wa bahari kwenye digrii 15. Pangaboi linalosukuma hewa nyepesi sharti lizunguke kwa kasi zaidi, na nguvu inayohitajika kuiwezesha droni kuelea huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mkondo hupanda kwa kadiri hiyo, na kwa kanuni ileile ya Joule joto la ndani huongezeka kwa karibu moja ya tano. Karatasi ya kiwanda ikisema droni huruka dakika 30, mnunuzi wa Dodoma na ajue kwamba dakika hizo zilipimwa mahali pengine.

Uharibifu mwingi hata hivyo hautokei angani. Hutokea ndani ya gari lililofungwa vioo, ambamo joto laweza kuzidi la nje kwa digrii 20 au zaidi katika muda wa saa moja. Hutokea pale betri inapotolewa kwenye droni ikiwa moto na kuunganishwa papo hapo na chaja, kwa sababu jenereta inanguruma na jua linakuchwa. Ilhali mipaka ya kuchaji ni midogo kuliko ya kutumia, aghalabu digrii 40 au 45. Hutokea ofisini, siku kazi ya shambani imekwisha na betri zote zimejazwa "ili ziwe tayari" kwa safari ambayo itakuja baada ya miezi mitano.

Lawama ya haya yote isitupwe kwa marubani. Kosa limo katika namna vyombo vinavyonunuliwa na kukabidhiwa. Bajeti hutaja ndege, kamera na mafunzo ya kuruka; haitaji kivuli, kipimajoto, wala mtu mwenye dhamana ya betri. Mfano wa kuiga upo karibu, katika kila zahanati. Mhudumu wa chanjo hathubutu kuacha chanjo garini wakati wa adhuhuri, si kwa kuwa ana tabia njema kuliko rubani, bali kwa kuwa amefundishwa, amepewa kasha la kuhifadhi ubaridi, amepewa kipimajoto na daftari, na kuna mkubwa wake atakayelikagua daftari hilo. Huko Rwanda betri hukaa kituoni, huchajiwa hapo, na hupachikwa katika ndege inapoandaliwa kuruka. Kituo ndicho kinachoitunza. Utaratibu huo una thamani kuliko ndege yenyewe, na ndio wa kwanza kuachwa pale watu wanapoiga ndege tu.

Wapo watakaosema kwamba betri hununuliwa nyingine. Kwanza hununuliwa kwa fedha za kigeni. Pili, kuileta si jambo la siku moja: tangu Aprili 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekataza betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kubebwa kama shehena katika ndege za abiria, na zile za ndege za mizigo sharti ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Tatu, na hili ndilo zito, betri iliyochoka haitoi taarifa kwa adabu. Yaweza kuonyesha chaji ya kutosha ikiwa imetulia, kisha volti zake zikaporomoka ghafla inapodaiwa nguvu nyingi dhidi ya upepo. Jambo hilo likitokea juu ya uwanja wa shule, hasara ni mapangaboi. Likitokea juu ya ziwa, kuna mgonjwa ng'ambo anayengoja.

Wengine hutumaini betri za aina mpya. Zile za lithiamu na fosfati ya chuma huvumilia joto vizuri zaidi, lakini kwa uzito uleule hubeba nishati kidogo, na droni ni chombo kinachohesabu kila gramu.

Kinachohitajiwa sasa ni cha bei nafuu. Kasha la ubaridi kama la muuza barafu, lenye kitambaa kikavu ndani, laweza kuzilinda betri kutwa nzima zisipate joto la garini. Barafu isiziguse, wala betri moto isitumbukizwe ndani ya jokofu, maana katika hewa yenye unyevu kama ya Pwani matone ya maji yatatua kwenye vituo vya umeme. Betri itokayo angani ipumzishwe kivulini hadi isiunguze kiganja, ndipo ichajiwe. Ikiwa haitaruka katika siku chache zijazo, ibakizwe kwenye nusu ya chaji. Iliyovimba isitobolewe wala isibanwe ili irudi umbo lake. Itengwe nje, penye mchanga, mbali na vitu viwezavyo kushika moto.

Zaidi ya hayo, kila betri ipewe namba na ukurasa wake katika daftari: tarehe, joto la hewa, mzigo, dakika za kuruka, volti na joto lake baada ya kutua. Kazi hii huonekana ya karani, na kwa hiyo hudharauliwa na wasomi. Lakini tarakimu za viwanda juu ya umri wa betri zimepimwa kwa kawaida maabara, kwenye digrii 25 au karibu na hapo. Taasisi tano tu za Tanzania zikitunza madaftari hayo kwa miaka mitatu, kutoka Tanga hadi Kigoma, itapatikana elimu juu ya betri katika jua la hapa ambayo haimo katika kitabu chochote cha maelekezo, na mnunuzi ataweza kumwambia muuzaji anachotaka badala ya kuambiwa.

Shule zisizo na droni zaweza kuanza upande wa joto. Makopo mawili ya bati yapakwe rangi nyeusi, kila moja litiwe kipimajoto. Moja liwekwe juani, la pili chini ya mwembe, na joto liandikwe kila baada ya nusu saa tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Wanafunzi wachore mistari miwili ya joto kwenye karatasi moja, kisha wakadirie kwa kanuni ya Arrhenius betri ingezeeka kwa kasi gani katika kila kopo. Kopo la tatu, jeupe, liwekwe juani karibu na lile jeusi, na mwalimu asiwaambie mapema litakuwa na joto gani.