Semina zimeisha, vyeti tunavyo: kazi iko wapi?

Wasikilizaji wetu wa Mbweni, Bunju na Boko, swali hili mnatuletea mara kwa mara: miradi ya kuwawezesha vijana inakuja, semina zinafanyika, vyeti vinatolewa, mbona kijiweni sura ni zilezile?

Upo mfano wa hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 2008 shirika la BRAC, lenye asili ya Bangladesh, lilianzisha nchini Uganda klabu za wasichana zinazojulikana kwa kifupi kama ELA. Klabu zilifunguliwa mchana siku tano kwa wiki, kukiwa na mlezi. Wasichana walicheza, wakafundishwa afya ya uzazi na kazi za mikono. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka minne. Kwenye maeneo yenye klabu, uwezekano wa msichana kuwa na shughuli ya kumwingizia kipato ulipanda kwa asilimia 48, wengi wakiwa wamejiajiri. Mimba za utotoni zilipungua kwa takriban theluthi moja.

Mpango huohuo ukaletwa Tanzania. Utafiti uliotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika mambo mengi haukuleta mabadiliko ya maana. Kuna watakaosema vijana wetu wavivu. Hatukubaliani nao, na watafiti wenyewe hawakusema hivyo: walitaja ufinyu wa rasilimali, ulioshusha ubora wa utekelezaji. Palipoongezwa mikopo midogo, angalau akiba ya walioshiriki ilipanda.

Kwa hiyo jina la mradi pekee halitoshi. Siku ya uzinduzi kuna fulana, wageni na picha. Mlezi wa kufungua mlango kila siku kwa miaka miwili hapigwi picha, na mara nyingi bajeti hukatwa kuanzia kwake. Mama kijana wa Mbweni aliyepata nafasi ya kujifunza ushonaji Tegeta anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, na mtu wa kubaki na mtoto. Ukimpa cherehani bila kugusa hayo mawili, wiki ya tatu hatumuoni.

Jingine ni fedha kukatika ghafla. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo shirika lake la USAID likafungwa. Wakija wafadhili wengine mtaani kwenu, waulizeni mapema kwenye mkutano: mkiondoka, nani anabaki na vijana?

Halafu kuna fedha ambazo si hisani. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kasoro nyingi za usimamizi na urejeshaji, ikarejeshwa 2024. Ni deni, lazima lilipwe, na bado halimpi mtu mlezi wala nauli. Ila haingoji mfadhili wa ng'ambo.

Kwa wakazi wa Mbweni halmashauri ni Manispaa ya Kinondoni, na pa kuanzia ni ofisi ya kata. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii taratibu za kusajili kikundi, na mwende na katiba yenu mkononi.