Intaneti ya nyumbani: mteja analipa mega 20, usiku anapata ngapi?

Katika matangazo ya kampuni za intaneti kwenye miji ya mashariki mwa Kongo, kuna neno dogo linalofanya kazi kubwa. Kwa Kifaransa ni « jusqu'à », kwa Kiswahili ni « hadi ». Hadi mega 10, hadi mega 20, hadi mega 50. Mteja anaona namba, analipa kwa dola mwanzoni mwa mwezi. Saa mbili ya usiku, wakati watoto wako nyumbani na majirani nao wamewasha simu zao, video inazunguka bila kufunguka. Akipigia kampuni simu, jibu ni lile lile: zima modemu, ngoja dakika, washa tena.

Malalamiko haya yanazoea kuelezwa kama shida ya mitambo, na kwa sehemu ni kweli. Lakini tukiangalia vizuri, shida ya kwanza iko kwenye karatasi. Mteja anauziwa kiwango cha juu kabisa, na mara nyingi mkataba hausemi kiwango cha chini ni kipi. Ahadi isiyo na kiwango cha chini haiwezi kuvunjwa. Mtu aliyelipia « hadi mega 20 » akipata mega 2, kwa maandishi kampuni haijakosa lolote.

Sokoni mambo hayaendi hivyo. Mama anayeuza maharagi Kadutu au Virunga anapima kwa gigozi mbele ya macho ya mnunuzi. Angesema « nakuuzia hadi gigozi kumi », halafu aweke mbili kwenye mfuko, soko lote lingepiga kelele. Kwenye intaneti tunakubali, kwa sababu wengi hatuna gigozi ya kupimia.

Mega gani?

Hapa ndipo mkanganyiko unaanzia. Neno « mega » kwetu lina maana mbili. Kuna mega za kununua, zile za forfe ya simu, zinazoandikwa Mo, yaani mega-okte: hizo zinahesabu wingi wa vitu unavyoweza kupakua. Na kuna mega za mwendo, zinazoandikwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Okte moja ina biti nane. Kwa hiyo koneksio ya mega 20, hata ikifanya kazi bila kosa, inapakua mega-okte mbili na nusu kwa sekunde, si ishirini. Mteja asiyejua tofauti hiyo anaweza kudhani ameibiwa wakati hajaibiwa, na yule aliyeibiwa kweli anakosa namna ya kuonyesha.

Hesabu ni rahisi. Faili ya giga-okte moja, kwa mwendo wa mega 20, inamaliza kushuka kwa dakika zisizofika saba. Kwa mwendo wa mega 2, inahitaji zaidi ya saa moja. Kwa mwanafunzi anayetafuta vitabu vya kazi ya mwisho wa masomo, kwa mwandishi wa radio anayetuma sauti kabla ya habari za jioni, kwa kijana anayefanya kazi ya kompyuta kwa mteja wa ng'ambo, tofauti hiyo ni kazi inayopatikana au inayopotea.

Kuna namba nyingine ambayo matangazo huinyamazia: mwendo wa kutuma. Mega 20 za tangazo ni za kupokea. Kutuma kunaweza kuwa chini sana, hasa kwenye modemu za 4G. Ndiyo sababu mtu anaweza kuangalia filamu vizuri, lakini kwenye mkutano wa video wenzake wanamwona ameganda kama picha.

Na forfe « bila kikomo » nayo ina kikomo chake. Nyingi zina kiwango cha matumizi ambacho kikipitwa mwendo unashushwa mpaka mwisho wa mwezi. Sharti hilo linakaa chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo.

Bomba moja, nyumba nyingi

Kwa nini mwendo unaanguka usiku? Kwa sababu intaneti ya nyumbani inagawanywa, kama maji ya Regideso kwenye avenue. Bomba likiwa moja na nyumba zikiongezeka, wa mwisho kwenye mstari anaamka usiku wa manane kujaza bidoni.

Tuchukue mfano. Kampuni ndogo inanunua uwezo wa giga 1 kwa sekunde, halafu inauza mega 20 kwa nyumba 500. Kwenye karatasi imeuza giga 10, mara kumi ya ile iliyo nayo. Hilo peke yake si wizi. Duniani kote kampuni zinafanya hivyo, kwa sababu si watu wote wanapakua kwa sekunde moja. Hata kwenye fibra ya kawaida inayofika nyumbani, giga mbili na nusu hivi zinagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Shida inaanza pale kampuni inapoendelea kuandikisha wateja bila kuongeza uwezo. Kila mteja mpya anakula kidogo kwenye sahani ya mteja wa zamani, na bei ya wa zamani haishuki.

Kwenye 4G hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mnara mmoja unahudumia modemu za nyumbani pamoja na simu za mtaa mzima. Sikukuu, siku ya mechi au siku ya habari mbaya, wote wanaingia kwa wakati mmoja.

Bahari, umeme na vita

Kampuni nazo zina maneno yao, na si ya uongo. Kutoka Goma, Bahari ya Hindi iko karibu kuliko Atlantiki ya Muanda, na njia ya kwenda kwenye nyaya za baharini inapita nchi za jirani. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika ya mashariki. Upande wa pili si salama kupita huu: Agosti 2023 maporomoko chini ya bahari, kwenye korongo la mto Kongo, yalikata WACS na SAT-3.

Juu ya hayo kuna umeme. Minara mingi nchini haiko kwenye mstari wa umeme. Inatumia jua, batri na mazuti. Barabara ikifungwa, mazuti hayafiki. Na kuna vita. Wakati Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wakaaji walikaa siku kadhaa bila umeme na bila intaneti. Hakuna fundi anayelaumiwa kwa hilo.

Lakini sababu hizi zinaeleza siku za ajali. Hazielezi kwa nini jioni ya kawaida, umeme upo na waya haujakatika, mega 20 zinakuwa mega 2. Na kama kampuni inajua kwamba inafanya kazi katika mazingira magumu, hiyo ni sababu nzuri zaidi ya kutoandika namba ya mazingira mepesi kwenye tangazo.

Sateliti haikufuta neno « hadi »

Wengi wanatumaini Starlink. Machi 2024, ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, iliikataza nchini. Mei 2025 ikaipa ruhusa. Kwa vijiji na miji ambako fibra haijafika, hii ni hatua kubwa. Sateliti zake ziko kwenye urefu wa kilomita 550 hivi, wakati zile za zamani zilizohudumia mashirika na benki ziko karibu kilomita elfu 36, ndiyo maana sauti ilichelewa kila mara.

Hata hivyo, anga nalo linagawanywa. Antena zote za eneo moja zinakula uwezo mmoja. Novemba 2024, Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo ya jirani, kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Mtaa wenye antena kumi hautapata mwendo ule ule siku zikiwa elfu. Kubadilisha waya kwa sateliti bila kubadilisha mkataba ni kuhamisha shida tu.

Kule walikolazimisha namba ya kweli

Nchi nyingine zilipitia njia hii. Uingereza, kwa miaka mingi, kampuni iliruhusiwa kutangaza « hadi » mwendo fulani hata kama asilimia 10 tu ya wateja waliufikia. Tangu Mei 2018 sheria ya matangazo inasema: namba inayotangazwa lazima ipatikane kwa angalau nusu ya wateja, kati ya saa mbili na saa nne ya usiku, wakati wa msongamano. Matokeo yalionekana haraka. Kampuni kadhaa zilizokuwa zinatangaza hadi mega 17 kwenye waya wa simu zilishusha tangazo hadi mega 10 au 11. Waya ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni ukweli wa tangazo.

Umoja wa Ulaya nao unadai mkataba wa intaneti ya nyumbani uandike mwendo wa chini, wa kawaida na wa juu. Ujerumani, tangu Desemba 2021, mteja anayeonyesha kwa vipimo kwamba hapati alichoahidiwa ana haki ya kulipa pungufu au kuvunja mkataba. Vipimo hivyo ni 30, kwa siku tatu tofauti, kupitia programu ya mamlaka yenyewe. Kwa maneno mengine, serikali ilimpa raia gigozi, na kampuni haiwezi kuikataa.

Kazi ya ARPTC

Kongo haikosi mamlaka wala sheria. ARPTC ipo tangu sheria ya Oktoba 2002, na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ilipanga upya sekta nzima ya mawasiliano. Kinachohitajika si ofisi mpya. Ni mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa intaneti ya nyumbani uandike mwendo wa chini, wa kupokea na wa kutuma. Pili, namba ya tangazo iwe ile ambayo nusu ya wateja wanapata usiku, si ile ya saa tisa ya alfajiri. Tatu, mwendo ukibaki chini ya kiwango kwa siku kadhaa bila ajali inayojulikana, mteja arudishiwe sehemu ya pesa bila kuomba.

Kampuni zitasema kwamba masharti kama hayo yatapandisha bei. Inawezekana. Lakini hakuna anayezilazimisha kuahidi kingi. Kampuni iko huru kuandika: chini kabisa mega 3, kawaida mega 8. Mteja anayejua hivyo anaweza kulinganisha, na kampuni inayotoa mega 8 za kweli itaacha kushindwa na ile inayotangaza 50 za hewa. Leo hii anayesema ukweli ndiye anayepoteza wateja.

Kuna ugumu wa pekee kwa Kivu. Tangu Goma na Bukavu zilipotekwa mwanzoni mwa 2025, uamuzi wa Kinshasa haufiki huko kwa urahisi, na barua ya mteja wa huko kwenda kwenye mamlaka ina safari ndefu. Hii ni sababu moja zaidi ya wateja kujipanga wenyewe.

Mteja afanye nini sasa

Kupima hakuhitaji fundi. Tovuti kama fast.com au Speedtest zinapima bure, ila kipimo kinakula mega, kwa hiyo mwenye forfe ndogo asirudie ovyo. Kaa karibu na modemu, au tumia waya, maana ukuta wa mawe unapunguza Wi-Fi, na kosa hilo si la kampuni. Zima vifaa vingine. Pima asubuhi, mchana na usiku, kwa wiki moja. Hifadhi picha ya kila kipimo pamoja na tarehe na saa.

Ukipata mwendo mzuri asubuhi na mbaya usiku tu, ujue bomba limejaa, na modemu yako haina kosa. Ukipata mbaya saa zote, anza kuangalia modemu, antena na waya. Tofauti hiyo ndiyo itakayomzuia wakala kukurudishia maneno ya « zima, washa ».

Halafu peleka barua, si simu tu, na uombe nakala yenye muhuri. Nyumba kumi za avenue moja zikipeleka vipimo vya wiki moja kwenye barua moja, kampuni haiwezi tena kusema ni modemu ya mtu mmoja. Kabla ya kutia sahihi mkataba mpya, uliza swali moja tu: kiwango cha chini ni mega ngapi, na kimeandikwa wapi? Wakala asipokuwa na jibu, utakuwa umejua unachonunua kabla ya kutoa dola zako.