CV nene haimpi mtu kazi

Wahitimu wengi nchini Tanzania huamini kwamba CV ikiwa ndefu ndipo mwombaji anapoonekana mzito. Ndiyo maana kurasa nne au tano hujazwa kila kitu: dini, kabila, hali ya ndoa, shule ya msingi, semina ya siku moja, kwaya na mpira. Imani hiyo ni potofu, na inawaumiza watu wenye sifa kamili.

Anayechambua maombi ana rundo mbele yake na tangazo la kazi pembeni. Anatafuta elimu inayotakiwa, uzoefu unaoendana na nafasi hiyo, na ushahidi kwamba mwombaji aliwahi kuifanya kazi yenyewe. Mstari usiojibu hayo unamchelewesha kuufikia unaojibu.

Katika nafasi ya mhasibu msaidizi, wengi huandika: "Nilihusika na shughuli za uhasibu." Maneno hayo yanamfaa hata aliyekuwa akibeba mafaili tu. Mwingine, aliyepitia mafunzo kwa vitendo ya aina ileile, anaandika: "Kila mwisho wa mwezi nililinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, nikaorodhesha hundi ambazo hazijalipwa." Kwa huyu, mwajiri anajua cha kumkabidhi siku ya kwanza. Kuandika CV ni kukumbuka kwa undani namna hiyo, na kumbukumbu hiyo hainunuliwi steshenari, ambako CV ya mtu mwingine hufunguliwa kwenye kompyuta, yakabadilishwa majina na namba za simu, kisha ikachapishwa na malengo yaleyale ya mwenyewe wa kwanza.

Kuhusu dini, kabila na ndoa, sheria imeshasema. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Kuyaandika ni kumrahisishia kazi mwenye nia ya kubagua. Umri ni suala jingine: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45, hivyo huko tarehe ya kuzaliwa ina maana. Hutaka pia wadhamini watatu, na vyeti vya kidato cha nne na sita huambatishwa vyenyewe. Kunakili alama za kila somo ndani ya CV hakuongezi kitu.

Wapo wanaotetea kwamba asiye na uzoefu hana budi kujaza kurasa. Si kweli. Mhitimu mpya ana mafunzo kwa vitendo, utafiti wa mwaka wa mwisho, kazi za kujitolea, pengine hata duka la familia alilolitunzia hesabu. Hayo yakielezwa kwa ukweli, ukurasa mmoja au kurasa mbili zinatosha. Vyuo vinavyowafundisha wanafunzi kuandika CV viwawekee kwanza tangazo la kazi mezani, wajifunze kulisoma, ndipo washike kalamu.