Urea na samadi: tuache ubishi, tufukie mbolea

Ndugu mkulima, kila msimu nasikia: "Samadi ni ya asili, urea ni kemikali." Sikubaliani na mgawanyo huu. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler alitengeneza urea maabara, ile ile iliyomo kwenye mkojo wa ng'ombe: kaboni, oksijeni, naitrojeni na haidrojeni. Mahindi hayaulizi kama imetoka kiwandani au zizini.

Tofauti iko kwingine. Samadi ina kaboni nyingi, hulisha vijidudu vya udongo na kushika maji. Urea ina naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23 kwa mfuko wa kilo 50, lakini haijengi udongo. Vyote viwili vinahitajika.

Hasara kubwa ni kumwaga urea juu ya ardhi. Vijidudu huivunja ikawa amonia, ikapaa hewani. Ile harufu kali ya zizini ndiyo hiyo hiyo. Ni pesa inaondoka. Fukia sentimita 5, mbali kidogo na shina, udongo ukiwa na unyevu. Samadi nayo ifunikwe.

Nanyi wauzaji wa rejareja, msiache mfuko wazi. Urea hunyonya unyevu, ikaganda mabonge, na mteja hanunui mabonge.