Mshauri wa Jeni Afunzwe Lugha Pia

Wanaosomea ushauri nasaha wa jenetiki hufunzwa mengi: kusoma matokeo ya maabara, kuchora nasaba ya mgonjwa, kupima hatari iliyomo katika ukoo. Shahada ya kwanza ya uzamili katika fani hii ilianzishwa mwaka wa 1969 katika Chuo cha Sarah Lawrence, New York, na tangu Mradi wa Jenomu ya Binadamu ukamilike mwaka wa 2003, mtalaa wake umezidi kunenepa. Sina ugomvi na hayo. Hoja yangu, nikiwa mwanaisimu, ni kwamba elimu hiyo ikikosa lugha ya kumfikia mzazi itaishia darasani.

Tuchukue ugonjwa wa selimundu, ambao nchini Kenya umeenea zaidi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria. Anthony Allison, aliyekulia humu nchini, alionyesha mwaka wa 1954 kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Huyo kwa kawaida haugui; huugua aliyepokea mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wenye jeni moja moja wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa.

Sasa mwambie mama wa Busia, "Mmoja kati ya watoto wanne atakuwa mgonjwa." Sarufi haina dosari, lakini mama huyo, ambaye tayari anauguza mmoja, huenda akaondoka akiamini kwamba deni limekwisha kulipwa na watatu wajao wamesalimika. Heri aambiwe kwamba kila mimba huanza hesabu upya, wala haijui yaliyompata mtoto aliyetangulia.

Neno "kasoro" nalo ni la hatari zaidi. Kasoro hutafutiwa mwenyewe, na katika nyumba nyingi mwenyewe huwa ni mke, ilhali ugonjwa huu hauji pasipo mchango wa baba. "Badiliko la jeni" halimshtaki mtu. (Hata "kurithi" kwataka uangalifu: wako ambao kwao neno hilo ni shamba, au mjane.)

Istilahi si haba; TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Kinachokosekana ni mazoezi. Walimu wa fani hii na wawatahini wanafunzi wao kwa Kiswahili, mbele ya msikilizaji asiye daktari. Mtahini asiridhike msikilizaji huyo akiitikia "ndiyo". Amwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa, na alama zitolewe hapo.