FORODHANI IPAMBWE, LAKINI MAJI MACHAFU YAENDE WAPI?

Hapana mtu wa mji huu asiyeipenda Forodhani. Jua likishatua, watu hutoka Mji Mkongwe na Ng'ambo, wake kwa waume, wakaja kupunga upepo ukutani. Mwenye shilingi hula urojo na mishkaki. Asiyekuwa nayo hutazama vijana wakipiga makachu baharini, na starehe hiyo haitozwi ushuru. Kwa maskini wengi hii ndiyo bustani yao pekee.

Kwa hivyo kila utawala hupenda kuipamba. Waingereza waliifanya bustani ya Jubilee mwaka 1936. Mwaka 2009 ilifunguliwa upya baada ya kutengenezwa na shirika la utamaduni la Aga Khan, na kazi ile hatuna sababu ya kuilaumu. Mti ni mti, na taa ni taa. Walakini atakaye kuijenga tena pwani hii twamwuliza neno moja kwanza: maji machafu yaende wapi?

Kwa miaka mingi mifereji ya Mji Mkongwe imekuwa ikimwaga maji ya vyoo baharini bila ya kusafishwa. Majumba waliyokaa wazee wetu mengi yamegeuzwa hoteli, na kila chumba kina choo na hamamu yake. Kilichokuwa cha ukoo mmoja sasa ni cha wageni arubaini. Mzigo huo wote hushukia bahari ile ile wanamoruka watoto wetu. Wanavyuoni wa fiqhi waliandika milango mizima juu ya haki ya jirani na juu ya mfereji umwagao maji njiani. Hatudhani kuwa bahari ya watu wote ina haki pungufu kuliko kichochoro.

Tena ardhi yenyewe ina habari yake. Mnazi Mmoja palikuwa na hori la bahari, likafukiwa zama za ukoloni. Yakija maji ya bamvu, bahari hurudi kudai pake, na sakafu ya saruji haiyanywi maji kama unywavyo mchanga. Nyumba za mji huu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zipumuazo. Ukizibana kwa saruji, unyevu hufungika ndani na chumvi huzila. Beit el Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, wakafa mafundi wawili. Hatusemi kuwa sababu ni moja. Twasema kuwa iko mkabala na bustani hiyo hiyo, na mwenye akili hachimbi mashimo mbele ya jumba kongwe kabla ya kupima.

Hatupingi maendeleo, kama watakavyosema wenye kutusema. Tutakalo ni kuwa kabla ya mkataba wowote kutiwa saini, itangazwe ni maji kiasi gani yatakayoongezeka, yatasafishwa wapi, na kwa gharama ya nani; ni miti mingapi itakatwa; na wauza vyakula watapewa mahali gani, kwa maandishi, si kwa ahadi ya mdomo. Na karatasi hizo zibandikwe Darajani, kwa Kiswahili, mwezi mzima, ili hata muuza miwa apate kuzisoma na kujibu.